Hilux ya 1981, injini 12R: nimebadilisha plagi, pointi, kofia na waya mwenyewe uani, Mikindani. Someni kabla hamjatupa vya zamani

Pikapu_ya_Mzee (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Gari ni Hilux ya 1981, injini 12R ya petroli, kabureta, distribyuta (kinachogawa moto kwa plagi) ya pointi (swichi ndogo ya ndani yake inayofungana na kuachana). Ilikuwa ya mzee wangu, Mungu amrehemu. Mimi naitumia kubebea mizigo ya watu: makopa, tofali, magunia ya korosho msimu ukifika. Naishi Mikindani, gari inalala nje hatua chache kutoka baharini. Hilo la bahari lina sababu, mtaliona mbele.

Ugonjwa wenyewe: ikiwa tupu inakwenda vizuri. Ukipakia, ukaanza kupandisha kutoka Naliendele kwenda Nanyamba, inamisi. Inashtukashtuka, unakanyaga resi haiitiki, huko nyuma ekzosi inapiga pu, pu. Ukifika tambarare imetulia kama si yeye. Na asubuhi kukiwa na umande haiwaki mpaka isukumwe. Fundi wa kwanza akasema kabureta. Tukafungua, tukasafisha, hela ikaenda, ugonjwa ukabaki pale pale. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Nikasema basi, ngoja niangalie mwenyewe.

Kilichonisaidia ni umeme wa mtaani kukatika. Giza totoro, nikafungua boneti injini ikiwa inaunguruma, nikaona waya za plagi zinametameta kama vimulimuli. Waya wa silinda ya tatu ndio ulikuwa sherehe kabisa: cheche ya buluu inaruka kutoka kwenye ganda lake kwenda kwenye chuma cha injini, tik, tik, tik, unaisikia. Kumbe moto wa silinda ya tatu ulikuwa unaishia njiani.

Ndipo nikaelewa mambo ya mlimani. Gari ikiwa tupu unakanyaga kidogo, hewa inayoingia ndani ya silinda ni ndogo, cheche inaruka pengo la plagi bila shida. Ukipakia ukakanyaga, silinda inajaa, mgandamizo unakuwa mkubwa, na umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka lile lile pengo. Ukiona kuna ufa kwenye waya, unapita huko. Umeme ni mvivu kama mimi.

Nikaagiza Dar, mzigo ukaja na basi: plagi nne, pointi, kondensa (kikopo kidogo kinachopokea umeme pointi zikiachana), rota (kinachozunguka chini ya kofia kugawa moto), kofia ya distribyuta na seti ya waya. Jumamosi nikaanza. Nikatoa waya wa hasi wa betri, nikaanza na plagi. Kabla hujatoa hata moja, puliza uchafu kwenye visima vyake, mimi nilitumia pampu ya baiskeli. Mchanga wetu mwekundu ukidondokea ndani ya silinda umejitafutia kazi nyingine. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri, yaani silinda zina afya. Ya tatu ilitoka nyeusi, imelowa petroli, inanuka. Zote zimelika: pengo linatakiwa liwe milimita 0.8, zangu zilipita 1.1.

Sasa nikiwa nimeinama kutafuta spana, kijana wangu wa darasa la sita akaamua kunisaidia. Kang'oa waya zote za kwenye kofia, kazipanga vizuri kabisa juu ya gunia, kwa urefu. Nilipoinuka ananiangalia anasubiri asante.

Hapo ndipo nilipo. Simu inaisha chaji. Mwenye kujua mpangilio wa waya aniwekee hapa.

KoroshoGhafi

Huyo dogo apewe soda, kawahi kukufundisha. Mkuu kwa nini usitoe hiyo injini uweke ya dizeli uachane na maplagi?

Pikapu_ya_Mzee

Nitolee hela nitoe injini.

Mzee_wa_Spana

Mwanangu, nimeshika magari hayo tangu yanakuja mapya. Usijaribu kukumbuka waya ulikuwa wapi, tafuta upya kuanzia mwanzo, ndiyo njia fupi.

Injini yako inawasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Namba moja ni ya mbele, upande wa feni. Toa plagi ya namba moja, ziba tundu lake kwa kidole gumba, huyo kijana azungushe krenki polepole kwa spana kwenye nati ya pulii, kufuata upande ule ule injini inaozungukia. Plagi zote ziwe nje, mtoto ataizungusha bila kutoa jasho. Upepo ukianza kusukuma kidole chako, pistoni inapanda kwa mgandamizo. Endelea taratibu mpaka alama ya pulii ikutane na mshale. Sasa tazama rota. Tundu la kofia inalolielekea ndilo la waya wa kwanza. Halafu fuata upande rota inaozungukia: wa tatu, wa nne, wa pili.

Usiache kile kidole kwa sababu alama ya pulii umeiona. Alama inakutana na mshale mara mbili kabla rota haijamaliza mzunguko mmoja, mara ya kwanza kwa silinda ya kwanza, ya pili kwa silinda ya nne. Ukishika isiyo yake, gari itakupigia mizinga kwenye kabureta na nyusi zako utazitafuta.

Pikapu_ya_Mzee

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa vizuri sana.

Mzee_wa_Spana

Marahaba. Na hiyo kofia ya zamani igeuze, itazame ndani kwenye mwanga wa jua kabla hujaitupa. Utuambie umeona nini.

Mingoyo_Njiapanda

Mimi nipo Lindi, Hilux yangu ni 22R, haina pointi. Na mimi ikipakia inatetemeka kupandisha. Haya ya pointi yananihusu?

Mzee_wa_Spana

Pointi na kondensa hazikuhusu, kazi hiyo kwako inafanywa na kifaa cha umeme. Lakini plagi, waya, rota na kofia ni vile vile, na mpangilio ni huo huo 1-3-4-2. Ndani ya distribyuta yako kuna gurudumu dogo lenye meno linalopita mbele ya kikoili. Nafasi kati ya jino na kikoili iwe milimita 0.2 hadi 0.4. Waya zipime kwa mita, mmoja mmoja, ukiona zaidi ya kiloohmu 25 huo weka pembeni.

Pikapu_ya_Mzee

Mrejesho wa Jumapili.

Kofia: nimeigeuza juani kama mzee alivyosema. Vile vishikizo vya ndani vina ukungu wa kijani na mweupe, chumvi hiyo, unaukwangua kwa kucha unadondoka unga. Na kati ya kishikizo cha tatu na cha nne kuna mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Nilidhani uchafu, nikafuta kwa kitambaa, hautoki. Ni njia ambayo umeme umejichimbia kwenye plastiki. Asubuhi umande ukiingia humo, moto unapotea, ndiyo maana ilikuwa inataka kusukumwa. Kile kipande cha kaboni cha katikati kinachogusa rota nacho kimebaki kidogo kama punje ya mchele.

Pointi: hapa nimetumia saa tatu. Zinashikwa na skrubu mbili ndogo. Ya kwanza ilitoka vizuri, ya pili ikaniponyoka, ikadondokea kwenye tundu la bamba, ndani kabisa ya distribyuta. Nilikaa chini kwanza. Mke wangu akaniletea ming'oko, nikala huku naiangalia gari, inaniangalia. Ukiizungusha injini skrubu ikiwa humo ndani, umeua distribyuta. Kijana akaenda kubomoa spika mbovu, kipande cha sumaku kakifunga kwenye kijiti cha fagio, kaingiza, tak, imenasa. Deni la waya nimemsamehe. Ninyi mkifungua, sokomezeni kitambaa kwenye matundu yale kwanza.

Pointi za zamani upande mmoja umeota kichuguu, upande wa pili una shimo la ukubwa ule ule. Nimefunga mpya, nikapaka grisi kidogo sana kwenye kamu (mhimili wenye kona unaofungua pointi), kiasi cha kichwa cha kiberiti, na tone moja la oili kwenye kitambaa kilicho chini ya rota. Kisha kupima pengo: zungusha injini mpaka kisigino cha pointi kikae juu ya kona ya kamu, hapo pointi zimeachana mwisho wa kuachana. Pengo ni milimita 0.45. Unapitisha kile kijibamba cha kupimia, fila, kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo tu, kama unavuta karatasi katikati ya kitabu kilichofungwa. Ukikaza skrubu pengo linahama, kwa hiyo unapima tena. Nilirudia mara tano.

Nikarudisha plagi. Nilichomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye ncha ya kila moja, nikazungusha kwa vidole mpaka ikagota. Ukianza na spana plagi ikiwa imekaa upande, unakata uzi wa kichwa cha injini. Ikishagota, nusu mzunguko wa spana, ile pete yake (washa) inabanwa, basi. Mabavu peleka kwenye tofali.

Nikapanga waya kwa njia ya kidole gumba. Nikarudisha betri, nikasaga starta. Kimya. Inazunguka tu, haigusi hata moto mmoja.

MtotoWaBandari

Fila ya nini mkuu, sisi tunatumia vocha ya simu. Pitisha vocha, kaza, ondoka.

Mzee_wa_Spana

Vocha ya kampuni gani, na ya mwaka gani? Kila moja ina unene wake. Mwingine atakwambia tumia jino la msumeno wa chuma, nao unene wake ni kama 0.6, umeshazidi. Fila haina bei ya kumshinda mtu mwenye gari.

Bi_Spea

Kaka pole. Mimi nauza spea huku Mtwara mjini. Pointi mpya huwa zimepakwa mafuta kiwandani zisipate kutu. Ulizifuta? Chukua kitambaa safi chenye petroli kidogo, pitisha katikati ya pointi, kisha pitisha kipande cha karatasi kavu. Wateja wangu wengi wananirudishia pointi wakisema mbovu, nazifuta mbele yao, gari inawaka.

Pikapu_ya_Mzee

Dada Bi Spea Mungu akubariki. Nimefuta, nimesaga mara mbili, IMEWAKA. Haijatulia vizuri lakini imewaka!

Mzee_wa_Spana

Haijatulia kwa sababu umebadilisha pengo la pointi hujarekebisha taimingi, yaani wakati moto unaporuka. Hivi vitu vimefungwa kamba moja. Pengo likiwa kubwa pointi zinafunguka mapema, moto unawahi. Likiwa dogo moto unachelewa. Siku zote pointi kwanza, taimingi baadaye, usigeuze.

Kama huna tochi ya taimingi, chukua balbu ya indiketa yenye waya mbili. Waya mmoja kwenye ile ncha ya koili (inayotengeneza umeme mkali wa plagi) inayokwenda distribyuta, wa pili kwenye bodi. Injini imezimwa, swichi imewashwa. Zungusha krenki mpaka alama ya pulii ifike kwenye digrii zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, silinda ya kwanza ikiwa kwenye mgandamizo. Legeza distribyuta, igeuze kidogo kidogo. Pointi zikiwa zimefungana balbu imezimika, zikiachana inawaka. Pale pale inapowaka, kaza. Na usiache swichi imewashwa muda mrefu ukaenda kula ming'oko, koili itachemka.

Pikapu_ya_Mzee

Nimefanya kwa balbu. Sailensa (muungurumo wa injini bila kukanyaga resi) imetulia, unaweza kuweka glasi ya maji juu ya kichujio cha hewa. Usiku nimefungua boneti tena: giza, hakuna kimulimuli hata mmoja. Kesho napakia.

KoroshoGhafi

Mkuu usisahau kurudi. Nyuzi za magari humu watu wakipona hawarudi.

Pikapu_ya_Mzee

Nimerudi, na habari si nzuri.

Jumatatu na Jumanne gari ilipanda mpaka Nanyamba na tofali kama haijabeba kitu. Jumatano, na makopa juu, nimeipita Naliendele kidogo tu ikaanza kumisi. Si kama mwanzo, hii ni silinda zote kwa pamoja, kama mtu anazima na kuwasha swichi. Mwisho ikazima kabisa. Ikipoa dakika kumi inawaka, inakwenda kidogo, inazima. Nikafungua kofia pale pale barabarani, kijana wa bodaboda akasaga starta mimi naangalia. Pointi zikiachana zinatoa moto mweupe mkubwa, zinachoma kama za kuchomelea geti. Siku tatu tu, na uso wake umeshakuwa mweusi.

Mzee_wa_Spana

Kondensa.

Bi_Spea

Kondensa, au koili siyo yake. Kaka hukubadilisha koili? Kuna koili zinazotaka rezista nje, ukiipa umeme wote wa betri inachoma pointi.

Pikapu_ya_Mzee

Koili ni ile ile ya mzee, na rezista ya nje ipo, sikuigusa. Kondensa ndiyo mpya.

Mzee_wa_Spana

Basi ni hiyo. Pointi zikiachana, umeme wa koili unataka kuruka ule mwanya. Kondensa inaupokea huo umeme, cheche haitokei pale, na koili inakatika kwa ghafla ndipo plagi inapata moto mkali. Kondensa ikifa, moto unabaki kwenye pointi badala ya kwenda kwenye plagi. Za siku hizi nyingi zinakufa zikipata joto, zikipoa zinafufuka, ndiyo hiyo habari yako ya dakika kumi. Ya zamani iko wapi?

Pikapu_ya_Mzee

Mzee, ilikuwa chini ya kiti. Nilivitia vyote kwenye kopo la maziwa, sikuwa na mpango wowote, ni uvivu tu wa kwenda jalalani. Nikaifunga pale barabarani kwa bisibisi ya bodaboda, skrubu moja na waya mmoja, dakika tano. Pointi nikazipitisha msasa laini na karatasi. Ikawaka, nikapandisha hadi Nanyamba, nikashusha, nikarudi Mikindani usiku. Ile kondensa imefanya kazi tangu sijui lini na bado inadai.

Kwa hiyo hesabu yangu ndiyo hii, na ndiyo sababu ya kichwa cha uzi. Kilichokuwa kinaumwa ni waya wa tatu na kofia. Ningevibadilisha hivyo viwili na plagi zilizolika, gari ingepona Jumamosi ile ile. Mimi nikabadilisha vyote siku moja, nikatoa kondensa nzima nikaweka mgonjwa, na ilipozima barabarani sikujua nianzie wapi kwa sababu kila kitu kilikuwa kipya. Ningekuwa nabadilisha kimoja, nawasha, nazunguka hadi Mtwara mjini na kurudi, halafu kingine, ningejua saa ile ile.

MtotoWaBandari

Lakini mkuu si ulisema kichuguu kwenye pointi za zamani? Si hicho ni dalili kondensa ya zamani nayo haiko sawa?

Mzee_wa_Spana

Huyu wa vocha leo kauliza swali la maana. Ndiyo, kichuguu kikikua haraka ni dalili kondensa haiendani. Lakini pointi zilizokaa miaka bila kuguswa zote huota kidogo. Azifungue baada ya mwezi aangalie. Kikiwa kimeota tena, atafute kondensa nyingine nzuri. Zikiwa safi, aiache kazini.

Mingoyo_Njiapanda

Wakuu na mimi nimepima. Waya tatu zimesoma kati ya kiloohmu 9 na 12. Ya nne mita haisomi kitu kabisa. Nimenunua huo mmoja tu, naubadilisha jioni nione.

Bi_Spea

Mingoyo umesoma uzi vizuri. Kaka mwenye uzi, lete hiyo kondensa mbovu dukani niione ni ya aina gani, nisije nikaiagiza.

Pikapu_ya_Mzee

Dada umechelewa. Kijana kaitoboa, kaivisha kwenye funguo za baiskeli yake. Nitakupigia picha.